Video Ilipendwa, Rili Ikafa

Wacha nianze na kukiri, ndio mkifika mwisho mjue mbona nimefuta ile video.

Wale mmekuwa hapa tangu mwaka jana mnaikumbuka. Rili ya kuvulia samaki imeshikana, imejaa mchanga na kutu, halafu sekunde hamsini baadaye inazunguka kimya kama feni mpya. Sura yangu haionekani, ni mikono tu na trei ya mayai. Ndiyo video yangu iliyotazamwa kuliko zote. Watu waliandika "fundi ni fundi", wengine "Kayole juu", kuna mmoja aliuliza kama nafundisha.

Kumbe hiyo rili niliirudisha kwa mwenyewe ikiwa imeharibika kuliko ilivyokuja. Na nilipoulizwa, nilidanganya.

Najua swali la kwanza. Mtu wa Kayole na rili wapi na wapi? Sisi hata maji ya kuoga tunanunua kwa mtungi. Mto ulio karibu ni ule wa Nairobi, na mtu akikuuzia samaki akwambie ametoka huko, kimbia. Ni swali halali. Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kushika ndoana hadi nikiwa na miaka ishirini na mbili.

Ilianzia Gikomba. Nilikuwa nimeenda kutafuta viatu, nikapata kwenye rundo la makorokoro ya mitumba kitu kina mkono wa kuzungusha na bobini kubwa. Nilijua neno bobini manake mathe ni fundi wa nguo, cherehani yake iko pale karibu na Masimba na nimelelewa chini yake. Nikadhani ni kipuri cha mashine. Muuzaji akaniambia soo mbili, nikatoa. Nilipofika nyumbani nikaangalia kwa simu nikajua ni ya kuvulia samaki. Haikuzunguka hata kidogo. Nikachukua bisibisi ya mathe nikaifungua usiku, na mathe akaniambia bila hata kugeuka, "Ukiharibu hiyo bisibisi, kesho utashona wewe."

Nikaisafisha, ikazunguka, nikapost. Wiki hiyo jamaa wa kuosha magari Komarock akanipigia. Wateja wake kadhaa wanavua, na rili zao zimeshikana. Ndio nikajua Nairobi iko na watu wengi kimya kimya ambao Jumamosi asubuhi hawako kwenye mechi. Wengine wako Naivasha, wengine bwawa la Masinga, wengine mito baridi ya Aberdare wakitafuta trauti. Rili mpya nzuri ni maelfu. Mimi nilikuwa nasafisha kwa punch, mia tano tu. Kwa kijana ambaye kazi yake ilikuwa kupost na kungoja, hiyo punch ilikuwa heshima.

Sasa niwaambie vifaa, ju hiyo ndiyo mnaniuliza kila siku, na pia ndiyo sehemu ya kosa langu.

Nusu ya vifaa vyangu ni vya nyumbani. Trei ya mayai ndiyo ya kwanza. Kila kipande kinachotoka kinaingia shimo lake kwa mpangilio, cha kwanza kutoka ndicho cha mwisho kurudi. Usiweke vitu kwa kifuniko cha sufuria ukiamini kichwa chako. Kila hatua piga picha na simu. Rili ndogo inaweza kuwa na vipande vingi kuliko saa ya ukutani, na washa mbili zinazofanana kabisa hazifanani ukizipima.

Pili ni mswaki wa zamani, pamba za masikio, vijiti vya meno na kipande cha fulana ya pamba. Fulana isiwe ya kutoa nyuzi. Tatu ni beseni lenye kitambaa cheupe ndani. Hapo ndani ndipo unafungulia, manake kuna springi ndogo kama nusu ya punje ya mchele ambayo ikiruka kwenye sakafu ya plot, hiyo umeitolea sadaka. Watu wa nje wanafungulia ndani ya mfuko wa plastiki. Sisi mifuko ilipigwa marufuku Agosti 2017, na kusema ukweli beseni ni bora, unaona vizuri.

Nne ni mafuta, na hapa sikilizeni. Kuna mafuta mepesi na kuna grisi, na hivyo vitu viwili havifanyi kazi moja. Beringi inataka tone moja la mafuta mepesi. Mafuta ya cherehani yanafanya kazi vizuri sana, chupa ndogo inakaa mwaka. Gia kubwa ya ndani inataka grisi, kidogo, unapaka na kijiti kwenye meno ya gia tu. Washa za breki, zile zinazoamua samaki akivuta uzi utoke kwa nguvu gani, usiziguse na grisi ya kawaida kabisa. Na ile chupa ya kupuliza ambayo kila gereji inayo, WD-40, si mafuta ya kulainisha rili. Hizo herufi zenyewe zinamaanisha kufukuza maji. Inalegeza kutu vizuri, lakini ukiiacha humo kama mafuta, inaosha grisi iliyokuwa hapo na kukuacha mkavu.

Tano ni maji. Maji ya borehole ya huku kwetu yana chumvi, mnajua vile yanaacha weupe kwa sufuria. Ukiosha rili na hayo umeongeza shida. Mimi nakinga ya mvua, ama natumia ya mfereji siku yakitoka. Maji ya kutiririka taratibu, usipige na presha kama unaosha matatu, presha inasukuma mchanga ndani.

Petroli hapana. Najua inasafisha. Lakini hii ni nyumba ya chumba kimoja, meko iko hatua mbili kutoka kitandani. Mafuta taa kidogo kwa gia iliyoganda, dirisha wazi, moto umezimwa, halafu unakausha. Kwa sehemu zinazotaka ukavu kabisa, tumia spiriti isiyochanganywa na mafuta. Soma lebo.

Kifaa nilichonunua kwa doo ya maana ni bisibisi. Skrubu nyingi za rili za Japani, Shimano na Daiwa, zinaonekana kama za nyota ya kawaida lakini si zile. Wajapani wana kipimo chao cha nyota. Ukiingiza bisibisi yetu ya kawaida haikai hadi chini, ukikaza inaruka na kukwangua kichwa cha skrubu. Niliharibu skrubu tatu kabla ya kujua. Fundi mmoja wa pikipiki alinionyesha, ju boda nyingi nazo zina skrubu hizo. Kama huna ya kununua, chukua ya kawaida usugue ncha na tupa kidogo ili ikae chini. Kidogo tu.

Yangu nilinunua Kirinyaga Road, pale wazee bado wanaita Grogan. Na hapa kuna kitu kilinichekesha halafu kikaacha kunichekesha. Huyo Ewart Grogan ndiye aliyeleta trauti nchini 1905, akawatia mto Gura kule Aberdare, ili Wazungu wapate samaki wa kwao. Ni yeye huyo huyo ambaye 1907 aliwachapa Waafrika viboko hadharani mbele ya mahakama hapa Nairobi. Sai barabara yake ni ya kuuza vipuri, jina lake rasmi limeondoka, na kijana wa Kayole ananunua huko bisibisi ya kutengeneza rili za Wakenya wanaoenda kuvua hao samaki wake. Sina funzo la kuongeza hapo. Niliona tu mjue.

Haya, turudi kwa kosa.

Ndani ya rili kuna kitu kinachozuia mkono kurudi nyuma. Kama umewahi kuendesha baiskeli unakijua kwa jina lingine, friwili. Ukikanyaga mbele inashika, ukirudisha inaachia. Kwa rili ni wazo hilo hilo. Kampuni ya Shimano yenyewe ilianza 1921 ikitengeneza friwili za baiskeli, rili zilikuja baadaye sana. Katika rili nyingi za kisasa, ndani ya hiyo friwili kuna viroda vidogo vya chuma. Ukizungusha mbele vinateleza. Mkono ukitaka kurudi nyuma, vinajibana kwa ukuta na kushika. Vinashika ju ni vikavu, ama vina utando tu wa mafuta.

Mimi sikujua hivyo. Nilijua lugha ya gereji, chuma kikisugua chuma weka grisi. Na nilikuwa narekodi. Grisi nyeupe ikijaa taratibu ndani ya kile kiduara inapendeza kwa kamera, hata nilirudia mara mbili ndio nipate mwanga mzuri. Nikafunga, nikazungusha mbele, ikateleza kama hariri. Hapo ndipo video iliishia. Kurudisha nyuma sikujaribu, manake video ilikuwa imeshaisha.

Mwenye rili alikuwa mzee wa Komarock, dereva wa lori aliyestaafu. Akaichukua, akalipa, akasema asante. Baada ya siku tisa akaja kwetu kwa miguu. Kidole gumba kimefura, kina kitambaa.

"Kijana," akasema, "hii kitu uliifungua ama uliipiga picha tu?"

Alikuwa ameenda Masinga na mjukuu wake. Alfajiri, baridi. Kambare mkubwa akashika. Mzee akavuta, samaki akavuta, na ule mkono wa rili ukarudi nyuma kwa kasi ukampiga kidole. Akaachilia. Uzi ukajifunga, ukakatika, samaki akaenda. Mjukuu alikuwa amengoja hiyo safari tangu shule zifungwe.

Na mimi, mbele ya mzee mwenye kidole kimefura, nikasema hivi: "Labda ni uzi, mzee. Uzi wa siku hizi si mzuri."

Mathe aliacha kukanyaga cherehani. Hakusema kitu, lakini ile sauti ikikatika mnajua vile nyumba inakuwa.

Mzee hakubishana. Akaweka rili mezani, akashika kichwa chake na mkono wa kushoto, na ule mkono mzima wa kulia akausukuma nyuma. Ukazunguka. Akausukuma tena, ukazunguka. Akaniangalia.

"Mrudishie pesa yake," mathe akasema.

"Mama, mimi sitaki hiyo pesa," mzee akamjibu. "Nataka rili."

Nikatoa trei ya mayai. Nilifungua mbele yake bila kamera, mikono ikitetemeka kidogo. Ile friwili ilikuwa imejaa grisi hadi viroda havionekani. Nikaitoa yote na pamba, nikapitisha spiriti, nikaiacha ikauke kabisa, halafu mafuta ya mathe, utando tu kwa kijiti. Ilichukua saa nzima. Mathe alimpikia mzee chai. Wakaongea mambo ya bei ya unga kama hakuna mtoto hapo anayeaibika.

Nilipofunga nikasema, "Sasa iko sawa, mzee."

Akacheka mara ya kwanza. Akanieleza kwamba miaka yake yote barabarani, fundi akimwambia breki ya lori iko sawa, alimjibu neno moja: "Ingia." Fundi apande, washuke naye mteremko wa Salgaa. "Ile kazi ameifanya vizuri, anapanda haraka. Ile hajafanya vizuri, anakumbuka ana kitu cha kukaza kidogo."

Tukatoka nje. Akafunga uzi kwa geti la plot, akanipa rili nishike mimi, akaenda kwa geti akaanza kuvuta uzi kwa mkono wake kama samaki. Watoto wakajaa. Breki ikalia, ikatoa uzi vile inafaa, mkono haukurudi hata nywele. Akavuta kwa kushtukiza mara tatu. Ukashika. Akasema "eeh", akaenda zake.

Mngedhani hapo ndio nilifuta video. Hapana. Hii ndiyo sehemu inayoniuma.

Video ilikuwa bado inapanda. Na wiki hiyo hiyo duka moja la mtandaoni lilikuwa limeniandikia. Wanauza kit ya kuhudumia rili, boksi zuri lina bisibisi, brashi na tyubu moja kubwa ya grisi. Walitaka niweke kiungo chao chini ya video, na pesa waliyosema ilikuwa inakaribia kodi yetu ya mwezi. Kwa karatasi ya maelezo waliyonitumia iliandikwa grisi hiyo ni ya kila sehemu ya ndani. Kila sehemu. Nikajiambia, si mzee nimeshamtengenezea? Nani mwingine ameumia?

Halafu jamaa wa Mombasa akaandika kwa maoni: "Nimefanya yangu kama ulivyoonyesha bro, hadi pale kwa grisi. Asante sana."

Nilisoma hiyo nikiwa kwa matatu, tumekwama Kayole Junction. Nikashuka kabla ya stage yangu ju nilihisi joto. Huyo jamaa alikuwa anaenda baharini. Huko kuna samaki ambaye si wa kupiga kidole tu. Kosa langu lilikuwa limetoka Kayole limefika Pwani, na linasema asante.

Nilimwandikia hapo hapo. Nikawaandikia wale wa duka kwamba karatasi yao ina makosa, nikawaeleza ni wapi. Walisoma, hawakujibu, na kodi mwezi huo tulilipa kwa magauni matatu ya harusi ambayo mathe alishona usiku. Nikatengeneza video ya kusahihisha. Ilitazamwa na watu wachache sana, msijidanganye kwamba ukweli unasambaa wenyewe. Ndio maana nilifuta ya kwanza. Kuiacha na maandishi madogo chini yake kungekuwa ni kuendelea kula nayo.

Maoni yangu sasa, na mnaweza kunibishia.

Tunasema mtaani hakuna kazi, basi kila mtu awe na simu na ujuzi wa kuonyesha. Sawa. Mimi pia naishi kwa hiyo. Lakini fundi na mtu anayeonyesha ufundi si mtu mmoja, hata kama wanatumia mikono ile ile. Anayeonyesha anamaliza kazi ikipendeza. Fundi anamaliza kazi ikishika. Mwaka mzima nilikuwa naulizwa "unatumia grisi gani, bisibisi gani, kit gani," na hakuna hata mtu mmoja aliniuliza "ulijuaje imepona?" Hata mimi sikujiuliza.

Na si rili pekee. Ni yule anakufundisha kufunga waya za stima kwa sekunde thelathini. Ni yule anachanganya dawa ya nywele. Mtu akikuonyesha kazi, angalia kama ameonyesha majaribio. Kama amekata hapo, uliza.

Kifaa ninachokithamini sana sai hakikuuzwa Kirinyaga Road wala hakiko kwa kit yoyote. Ni geti la plot yetu. Kila rili inayotoka kwangu inafungwa hapo. Navuta taratibu, navuta kwa kushtukiza, najaribu kurudisha mkono nyuma mara kumi, naiacha nje usiku mmoja ipate baridi, halafu asubuhi narudia. Mwenye rili akiwa yuko karibu, namwambia aje avute mwenyewe. Caretaker amezoea. Watoto wanaita huo mchezo "samaki".

Bado nachaji punch. Nilipoteza wateja wawili baada ya video ya kusahihisha, na sina kinyongo nao. Mzee wa Komarock hajarudi mwenyewe, lakini mwezi uliopita alimtuma mjukuu na rili ya rafiki yake, imefungwa kwa gazeti. Ndani kulikuwa na karatasi: "Huyu ni mkali kuliko mimi. Jaribu kabla hajakujaribu."

Niliifunga kwa geti siku mbili.

Haya, nyinyi. Nani amewahi kuambiwa "iko sawa" na fundi, ikamfia njiani? Na nani hapa ni fundi aliyewahi kusema "iko sawa" akijua haiko? Wa pili ndio nataka kuwaskia zaidi. Mimi nimeshaanza.